Mahubiri ya Kinanda

Neno kinanda limesafiri sana katika lugha yetu. Wazee wa mwambao waliliita gambusi kinanda. Zilipokuja santuri, mashine ya kuzipigia nayo ikaitwa kinanda. Wamishionari walipoleta ogani zao za kupuliza upepo kwa miguu, nazo zikaingia chini ya jina hilo hilo. Na leo ukimtajia kijana kinanda, anachokiwaza ni kile kibao chepesi cha plastiki kinachokaa juu ya miguu ya chuma, chenye sauti mia za kuazima: za fidla, za filimbi, za ngoma, hata za makofi ya watu wasiokuwapo.

Hicho cha mwisho ndicho kinachogombaniwa huku visiwani. Tangu rusha roho iliposhika katika miaka ya 1990, wapenzi wa taarab ya kale wamekuwa wakikishitaki kwamba kimewaondoa wapiga fidla, kimeinyamazisha ganuni, na penye jukwaa la watu thelathini kimebakisha watano. Mashitaka hayo nayajua, na nusu yake nayakubali. Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 na Culture Musical Club ya mwaka 1958 hazikujengwa na watu watano. Inayonitia shaka ni ile nusu ya pili, isemayo ya kuwa kitu cha umeme hakiwezi kubeba roho. Shaka hiyo sikuipatia Unguja. Niliipatia Shinyanga, na aliyenitia shaka hiyo alikuwa mtu wa mji mdogo wa Norristown, jimbo la Pennsylvania, Marekani, jina lake James Oscar Smith, ambaye dunia ya jazi ilimjua kwa jina la Jimmy Smith.

Nilikwenda Shinyanga mwaka 2003 kushika vitabu vya hesabu katika kampuni iliyonunua pamba, nikakaa huko miaka mitatu. Mtu wa pwani akifika pale kwa mara ya kwanza hutafuta mahali pa kuegemeza macho asipaone: mbuga tambarare, mawe makubwa yaliyobebana, ng'ombe wengi kuliko watu, na ile reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Jioni zilikuwa ndefu. Kitulizo changu kilikuwa redio ya kaseti na kaseti kumi na mbili nilizozichukua nyumbani, kumi na moja za taarab na moja aliyonirekodia ami yangu.

Ami alikuwa baharia. Wenziwe walikuwa wakirudi na vitambaa na vyombo vya udongo, naye alikuwa akirudi na santuri. Upande wa kwanza wa kaseti ile alinitilia kipande kimoja tu, kirefu cha dakika 20, kiitwacho The Sermon, yaani mahubiri. Upande wa pili alitia Back at the Chicken Shack. Nilikuwa nikiisikiliza kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya muziki wenyewe, mpaka siku redio iliponiharibikia nikaipeleka kwa fundi karibu na kituo cha mabasi.

Fundi huyo alikuwa kijana wa Kisukuma, na siku za Jumapili alipiga kinanda katika kwaya ya kanisa moja la mjini. Shinyanga ni mji wa kwaya. Kaseti za kwaya ya AIC Shinyanga zilikuwa zikisikika katika mabasi hadi Dar es Salaam, na kila kanisa dogo lilitaka la kwake lifanane na lile. Aliifungua redio, akaiunga, akaijaribu kwa kaseti iliyokuwa ndani. Ilikuwa ile ya ami.

Akasikiliza kwa dakika nyingi bila ya kusema neno, bisibisi mkononi. Kisha akaniuliza, "Shehe, hawa wako wangapi?"

Nikamwambia sita: kinanda, gita, dramu, tarumbeta na saksafoni mbili. Ami alikuwa ameyaandika yote kwenye karatasi ya ndani ya kaseti, kwa hati yake nzuri: Kenny Burrell, Art Blakey, Lee Morgan, Lou Donaldson, Tina Brooks.

"Na besi?"

"Besi ni huyo huyo wa kinanda."

Akairudisha kaseti mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza na mimi kuisikiliza kwa haki. Kipande kile kilirekodiwa tarehe 25 Februari 1958, na umbo lake ni la bluzi ya hatua kumi na mbili, kitu ambacho mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mara mbili. Ni ubeti. Una kipimo chake kisichovunjwa, una mahali pake pa kupumua, na una kina kinachokurudisha nyumbani kila unapotaka kupotea. Smith anaufungua ubeti huo polepole, kama mtu anayeingia msikitini mapema na kutandika jamvi, kisha kila mpigaji anapewa beti zake azitunge papo hapo, mmoja baada ya mwengine, kama watu wa malumbano waliokwisha kukubaliana bahari moja. Chini yao wote besi inatembea. Haipandi sauti wala haijionyeshi. Inahesabu mizani.

Mashine iliyokuwa ikifanya kazi hiyo ina kisa chake. Aliyeibuni, Laurens Hammond wa Chicago, hakuwa mpiga muziki. Alikuwa mhandisi aliyetengeneza saa za umeme, na ogani aliyoileta sokoni mwaka 1935 ilikuwa na moyo wa saa: mota inayokwenda sawasawa na mzunguko wa umeme wa mji, ikizungusha magurudumu madogo ya chuma mbele ya sumaku zilizozungushiwa nyaya. Katika aina maarufu iitwayo B-3, magurudumu hayo ni 91. Juu ya magurudumu kuna safu mbili za vitufe, kila moja vitufe 61, na vijiti vya kuvuta na kusukuma ambavyo mpigaji huchanganyia sauti kama mpishi achanganyavyo viungo. Chini ya miguu kuna pedali 25 za besi. Uzito wake wote unakaribia kilo 200. Hammond aliitengeneza ili kuyauzia makanisa yasiyoweza kununua ogani kubwa za mabomba, na miongoni mwa yaliyonunua yalikuwa makanisa ya watu weusi, yaliyokuja kuipa mashine ile lahaja ambayo mtengenezaji wake hakuitarajia. Kila kitufe kilipobonyezwa kilitoa kishindo kidogo, tik, kabla ya sauti yenyewe. Wahandisi wakakiona ni kasoro ya kuondolewa, na wapigaji wa jazi wakakipenda. Mtu mwengine, Donald Leslie, akabuni spika yenye pembe inayozunguka, ikaifanya sauti itetemeke kama koo la mwimbaji. Hammond hakuipenda spika hiyo, lakini wapigaji hawakumuuliza.

Nilimweleza fundi habari ya mota ile, naye akacheka kama fundi anavyocheka. Akanifahamisha jambo ambalo halikunipitikia. Kama sauti ya ogani hiyo inafuata mzunguko wa umeme, basi ukiipeleka machimboni ukaiunga kwenye jenereta, kila jenereta inapolegea kwa kupungukiwa na mafuta, wimbo mzima utashuka; ikikazwa, wimbo utapanda, na mwimbaji atakimbizwa na mashine. Alilisema hilo kwa sababu machimboni alikuwa akipajua. Mwisho wa wiki nyingi alipanda basi kwenda kupiga kinanda upande wa Geita.

Geita wakati ule bado ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wake wenyewe ulikuja mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001, na pembeni mwa kuta za migodi hiyo yalikuwapo machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, ambako maelfu ya watu walishuka katika maduara kwa kamba na tochi, wakapanda na mawe, wakayasaga kwenye karasha, wakayaosha kwenye mialo na kuyakamatisha kwa zebaki. Katoro ulikuwa mji wa kutumia kile kilichopatikana. Nilikwenda mara mbili pamoja na fundi. Sijawahi kuona mahali ambapo fedha ina haraka kama pale. Mtu aliyepata hununua kreti nzima na kuigawa ukumbini, na asiyepata hukaa karibu yake.

Katika ukumbi kama huo bendi ya watu wanane haiwezekani. Mwenye ukumbi hulipa watu wawili, pengine watatu, na hao ndio wawe bendi. Basi fundi alikuwa akipiga midundo ya dramu iliyotiwa ndani ya kinanda chake cha plastiki, besi kwa mkono wa kushoto, wimbo kwa wa kulia, na mwenzake mmoja akiimba na kushika gita. Kwa fedha za usiku mmoja wa Katoro alipata zaidi ya mwezi mzima wa kwaya, kwa sababu kwaya haikumlipa kitu.

Hapa ndipo habari ya Marekani na habari ya Usukumani zilipoanza kunipigana kichwani. Soul jazz, jazi yenye roho ya kanisa, ilikulia katika baa za mitaa ya watu weusi, na sababu mojawapo ilikuwa hesabu. Mwenye baa aliyeajiri mpiga ogani, mpiga gita na mpiga dramu alikuwa amepata bendi yenye kishindo cha watu kumi, tena bila ya kumlipa mpiga besi. Wanaosifu muziki ule hupenda kuruka hapo. Mimi siwezi kuruka, kwa kuwa ndilo shitaka letu sisi wa visiwani dhidi ya kinanda, neno kwa neno. Kila B-3 iliyopandishwa ngazi za baa ya Philadelphia ilikuwa na kivuli cha mtu mmoja aliyebaki nyumbani na besi lake la mbao.

Tofauti naiona katika yale Smith aliyoyafanya kabla ya kupanda jukwaani. Baba yake alipiga piano, na mtoto alijifunza nyumbani na katika vilabu. Baada ya utumishi wa jeshi la majini alisoma Philadelphia: mwaka 1948 alijifunza besi lenyewe, la nyuzi, katika shule ya muziki ya Hamilton, kisha piano katika shule ya Ornstein. Alipiga piano katika kundi la Don Gardner, kundi la muziki wa dansi la mji ule. Kisha akamsikia Wild Bill Davis akipiga ogani ya Hammond, na akaiacha piano. Akanunua ogani yake, akaiweka katika ghala, na badala ya kutafuta kazi akajifungia nayo kwa miezi. Alichora picha ya pedali kwenye karatasi akaibandika ukutani mbele yake, ili macho yaione njia wakati miguu inaitafuta gizani. Alitoka humo akiwa na mkono wa kushoto unaotembea kama mpiga besi aliyekwenda shule, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na mguu unaogusagusa pedali ili kuipa kila sauti ya besi kichwa chake. Kazi ya mtu wa pili haikufutwa. Ilihamia mwilini mwake, naye akailipia kwa jasho.

Alipofika New York mwaka 1956, mabwana wa kampuni ya Blue Note, Alfred Lion na Francis Wolff, Wajerumani wawili waliokuwa wamekimbilia Marekani, walimsikia na kumrekodi mwaka huo huo. Hawakumpumzisha. Katika siku tatu za Februari 1957 peke yake alirekodi muziki uliotosha santuri kadhaa. Nyuma yake wakaja wengi, na Philadelphia ikawa kama Siu kwa washairi: Shirley Scott, Jimmy McGriff, Charles Earland, Trudy Pitts. Wawili kati ya hao ni wanawake, na hilo lina asili yake, kwani kanisani mwanamke kukalia kinanda halikuwa jambo la kushangaza.

Mashindano ya wapiga ogani hao yalimfurahisha fundi kuliko yote niliyomsimulia. Aliyajua kwa jina jengine. Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na dawa zake na vituko vyake, na hakimu ni miguu ya watazamaji: upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Yeye mwenyewe utotoni alicheza bugobogobo na jembe begani. "Msukuma hajifunzi besi," aliniambia, "anajifunza kunyamaza nayo." Sikumwelewa mpaka nilipomwona akifanya.

Kinanda chake hakikuwa na pedali. Siku moja nikamkuta ameviondoa viti vya wateja, amechora kwa chaki, juu ya sakafu ya saruji, pedali 25, zile fupi na zile ndefu, kama nilivyomweleza. Alikuwa amekaa kwenye kreti mbele ya kinanda kilichozimwa, hana viatu, kaseti ya ami ikienda, na miguu yake ikizitafuta alama za chaki bila ya kutoa sauti yoyote. Nilimwambia yuko bibi mmoja wa Marekani anayeishi Ufaransa, Rhoda Scott, ambaye hupiga ogani pekupeku hata mbele ya matajiri. Hakuonyesha kushangaa. Mvua ilipoingiza maji dukani chaki ikafutika, naye akaichora upya.

Ugomvi ulikuja katika mwaka wa pili wa ujirani wetu. Wazee wa kanisa lake waliambiwa anapiga Katoro, katika vilabu vya pombe, nyimbo zisizosemeka. Hilo wangeweza kulisamehe. Lililowaudhi lilikuwa jengine: nyimbo za kwaya zilianza kunukia Katoro. Besi ilikuwa ikitembea chini ya pambio lisilohitaji kutembezwa, na akina mama wakaanza kuyumba mabega. Mzee mmoja alisimama akasema mkono uliopiga klabuni Jumamosi hauwezi kumpigia Mungu Jumapili. Fundi akajibu kwamba anao mmoja tu wa kushoto.

Nilimwonea huruma yule mzee pia. Kwetu, wamo waliomtenga mwimbaji wa kaswida kwa kuingia taarab, na wamo waliomtenga wa taarab kwa kupiga kaswida kama taarab. Kanisani na msikitini watu wanajua jambo ambalo wapenzi wa muziki hujitia kutolijua, ya kwamba sauti ikishazoea mahali huchukua harufu ya pale. Smith aliipa santuri yake jina la mahubiri bila ya kuomba radhi kwa yeyote, na hakuna neno moja linalotamkwa ndani yake. Msikilizaji wa Philadelphia aliyetoka kanisani asubuhi aliyasikia maitikio yale yale jioni baani, na aliyajua. Je, alikuwa ameporwa kitu, au amerudishiwa? Nimelisikiliza hilo kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Siku nyingine naegemea upande wa mzee.

Kwaya ilimwondoa. Aliyewekwa badala yake alikuwa mvulana mwenye adabu aliyebonyeza kitufe cha mdundo na kuuacha uende, na hilo halikumkera mtu.

Fundi akafunga duka akahamia Nyarugusu. Alikiuza kinanda chake, akanunua sehemu katika duara, yaani akawa miongoni mwa wanaogharimia chakula, kamba na mafuta ya wachimbaji ili wagawane mawe yatakayotoka. Nilimwuliza kwa nini asiuze kitu kingine. Akaniambia kitu kingine hana. Masika yakaingia. Duara likajaa maji, pampu ikakodiwa kwa deni, maji yakarudi, na mawe yaliyotoka hayakutosha hata kulipa karasha.

Huku nyuma Smith alikuwa anaelekea mwisho wake, na njia yake haikunyooka pia. Mwaka 1962 alihamia kampuni ya Verve, akawekwa mbele ya bendi kubwa zilizopangwa na Oliver Nelson na baadaye Lalo Schifrin. Nyimbo zile zilimpa jina kwa watu wasiosikiliza jazi. Mimi nazisikia kama mtu aliyevishwa joho kubwa kuliko kimo chake. Namsamehe kwa ajili ya ile aliyopiga na mpiga gita Wes Montgomery mwaka 1966, ambamo wawili wale wanacheka kwa vyombo. Kisha zikaja sinthesaiza nyepesi, bei rahisi, zenye kila sauti. Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda kikaacha kuitengeneza B-3, na Smith akawa anaendesha klabu yake mwenyewe Los Angeles. Kinanda cha plastiki, mjukuu wa kile cha magurudumu, kilikuwa kimemfanyia babu yake yale yale aliyomfanyia mpiga besi.

Hata hivyo, sauti yenyewe haikutupwa. Michael Jackson alipotengeneza wimbo wake Bad wa mwaka 1987 aliitwa Smith aje apige, na mwaka 1994 Beastie Boys walichukua kipande chake cha mwaka 1972 wakakirapia juu. Vijana walirudi kuziokota B-3 katika vyumba vya chini vya makanisa. Mmoja wao, Joey DeFrancesco, mtoto wa eneo lile lile la Philadelphia, akawa mrithi wake wa wazi, wakarekodi pamoja santuri ya mwisho ya mzee, Legacy. Januari 2005 Smith alitunukiwa heshima ya taifa ya mabingwa wa jazi wa Marekani. Alifariki Arizona tarehe 8 Februari 2005. DeFrancesco naye alifariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 51.

Habari ya kifo cha Smith niliisikia kwa kuchelewa, kutoka kwa ami, kwa simu. Nilisafiri kwenda Nyarugusu mwezi uliofuata kwa jambo langu jengine, nikamtafuta fundi nimwambie. Sikumkuta kwenye maduara. Nilielekezwa Katoro, kwenye kibanda cha mabati kando ya soko, na humo nikamkuta na bisibisi yake, redio zimemzunguka kama kuku. Alikuwa amerudi kwenye ufundi. Alikonda. Deni la pampu lilikuwa bado linamfuata. Nilipompa habari alinyamaza, kisha akauliza mzee yule alikuwa akipiga mpaka lini. Nikamwambia mpaka mwisho.

Juu ya meza yake, katikati ya nyaya, kulikuwa na kinanda kikubwa, kizuri, cha kwaya moja ya huko Bukombe, kimefunuliwa tumbo. Aliniambia kimekaa kwake wiki mbili na wenyewe wameshatuma mtu mara mbili kukiulizia. Nikamwuliza kina ugonjwa gani mzito hivyo. Akaurudishia mfuniko, akawasha, akalaza mkono wa kushoto juu ya vitufe vya chini, na ule ubeti wa hatua kumi na mbili ukaanza kutembea, taratibu, kibanda kizima kikaitikia.

"Hakina kitu, shehe," akasema. "Kilipona siku ya pili."